Kabla ya kumwondoa kwaya, mmemtembelea?

Shangazi, mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, upande wa Ndhiwa, Homa Bay. Tuna mjane kijana anayenunua omena Sori, Migori, na kuja kuiuza sokoni hapa. Watu wanasema ana jaboya, mvuvi anayelala naye ndipo amuuzie samaki. Juzi mwenzetu mmoja akatuambia kikaoni kwamba alimwona hospitalini Migori kwenye foleni ya ARV. Wengi wakaamua aondolewe kwaya na jina lake lifutwe, wakasoma 1 Timotheo 5 juu ya wajane vijana. Mimi natamani kwenda kumwona, ila naogopa kuambiwa nabariki dhambi. Nifanyeje?
Mama, Ndhiwa

Nenda, dada yangu. Nenda wiki hii, wala usingoje ruhusa ya kikao.

Habari ya foleni ndiyo iliyoniuma zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay anaishi na virusi vya UKIMWI. Sasa wafikirie akina mama waliokuwa kikaoni siku hiyo. Huenda wamo wanaomeza dawa zizo hizo, nao walikaa kimya wakisikia mwenzao akianikwa. Walichojifunza ni kwamba wapande matatu waende mbali zaidi kuchukua dawa, au waziache. Wewe na mimi tunakumbuka matanga ya miaka ya tisini. Hospitali ya Homa Bay ilianza kutoa ARV bila malipo mwaka 2001, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, na hata hapo wako waliokufa kwa kuogopa kuonekana mlangoni. Anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi hata mwenzi wake kitandani. Kwaya itamwogopa kwa nini? Tena sheria ya mwaka 2006 inalinda siri ya hali ya mgonjwa. Huyo aliyesema, mkalishe kando umwambie wazi kwamba amekosa.

Jaboya hujamthibitisha. Hata akiwepo, mjane hana mashua wala nyavu. Anafika ufuoni alfajiri na kukuta wanunuzi ni wengi kuliko samaki, na mvuvi ndiye anayechagua nani ajaze beseni. Mvuvi huyo labda naye ana kanisa lake. Nani amefuta jina lake? Katika ufuo wa Nduru, Kisumu, wanawake walianza kupata mashua zao mwaka 2011, wakawaajiri wavuvi wenyewe, wakaweza kusema hapana. Mafuriko ya 2020 yaliwarudisha nyuma sana, lakini walikuwa wameonyesha kwamba mwanamke mwenye mashua hahitaji jaboya.

Kuhusu 1 Timotheo 5, isomeni yote. Orodha inayotajwa pale ni ya wajane waliotunzwa na kanisa, na sura hiyohiyo inaagiza wajane waheshimiwe na wanawake waamini wawasaidie wajane walio nao. Je, kikundi chenu kimewahi kumpelekea unga, au kuuliza karo ya watoto wake inatoka wapi?

Unaogopa kuambiwa unabariki dhambi. Yule mwanamke wa Samaria kisimani alikuwa na habari ndefu za waume, na Yesu alizijua. Alianza kwa kumwomba maji ya kunywa. Habari za waume zilikuja baadaye, mazungumzo yakiwa yamekolea. Nawe kamnunulie omena, ukae, umuulize habari za watoto. Usitaje jaboya wala dawa. Akikufungulia moyo, msikilize, na atakayokwambia yasifike kikaoni. Asipokufungulia, rudi wiki ijayo.

Kisha muone mchungaji, uende na mama mwingine mmoja mnayeelewana, mumwombe arudishe jina lile kabla jambo hili halijazungumzwa zaidi. Kikao kijacho, wewe kama mweka hazina, pendekeza mkopo mdogo kwa wauza samaki wa kikundi, ili waweke pesa pamoja na kununua kwa jumla badala ya kila mmoja kwenda kumbembeleza mvuvi peke yake. Upitishwe mapema. Uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai, na mwenzenu asiingie miezi hiyo minne mikono mitupu.