Mjamzito asichume tumbaku mbichi

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: dawa gani inaua wadudu haraka. Moja tu, ya mkulima wa upande wa Mishamo, imeuliza lingine. Mkewe ana mimba ya miezi mitano. Siku ya kuchuma tumbaku anatapika, siku ya kupumzika hatapiki. Kwa nini?

Ulevi wa tumbaku mnaujua. Unaingia shambani alfajiri, jani lina umande, mikono na kifua vinalowa, na kabla ya saa tano kichwa kinazunguka na tumbo linasokota. Kijana akilewa hulala kivulini, kesho yake mzima. Mjamzito akitapika husemwa ni mimba hiyo, na kesho anarudishwa kwenye mstari.

Nikotini ya jani bichi huyeyuka kwenye umande ikapenya ngozi. Madaktari wa Florida, Marekani, waliuandika ugonjwa huu mwaka 1970. Baadaye waliopima umande wa mashambani walikuta mililita 100, kama nusu kikombe hivi, zinaweza kuwa na nikotini ya sigara sita. Sumu hiyo hupita kondo la nyuma na kubana mishipa ya damu, mtoto akapungukiwa hewa na chakula. Kwa mama mvutaji matokeo yake yanajulikana: mtoto njiti, mtoto wa chini ya kilo mbili na nusu, wengine hufia tumboni. Mchumaji hajavuta hata moja, lakini nikotini ni ile ile.

Hapo sijagusa dawa za wadudu. Bomba la kupigia dawa hubebwa na mume, ila anayechota maji, anayechanganya na anayefua shati lililolowa ni mke. Na wale wachuuzi wa mnadani wanaowapimia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila kibandiko, wanawauzia sumu isiyo na jina. Mganga wa zahanati akiuliza mlipiga dawa gani, mtamjibu nini?

Wala msiniletee habari ya maziwa. Glasi ya maziwa haiondoi kilichokwisha kupita kwenye ngozi.

Mjamzito asichume, asitunge majani kwenye fito, asichanganye dawa, asifue nguo za bomba. Apewe kazi ya karanga, mbali na shamba lililopigwa dawa. Wengine wasubiri jani likauke, wavae koti la mvua na glavu za mpira, wabadili nguo kabla ya kupakata mtoto. Najua bani la kukaushia linasubiri na mikono ni michache. Tafuteni kibarua.

Akitapika shambani, mtoeni, mvueni zilizolowa, mwosheni kwa maji na sabuni, mpelekeni zahanati na kibandiko cha dawa mkononi. Msingoje jioni.

Nafasi imekwisha. Barua za wadudu, toleo lijalo.