Kazi ya Mama

Jogoo anawika. Bado ni giza, lakini mama ameamka. Anawasha moto, anatwaa ndoo, anakwenda mtoni kuteka maji. Kisha anambeba mtoto mgongoni, anashika jembe, anakwenda kulima mihogo. Wakati wa kurudi ana mzigo wa kuni kichwani. Jioni anasonga bukari na kupika sombe. Watu wote wamelala. Yeye angali anaosha vyombo.

Baba pia anatoka asubuhi. Yeye ni seremala. Mwisho wa mwezi anapokea mshahara. Falanga zinahesabiwa, na kila mtu anaziona. Kwa hiyo watu husema: «Baba anafanya kazi. Mama anakaa nyumbani tu.»

Neno hili si kweli. Kama ingempasa baba kununua maji, kuni na chakula kilichopikwa, tena kumlipa mlezi wa mtoto, mshahara wake ungekwisha upesi. Kazi isiyolipwa ni kazi vilevile.

Wanawake wengi wa Kongo hufanya pia kazi ya mshahara. Wengine ni waalimu, wengine wauguzi, wengine makarani. Zamani sheria iliwawekea kizuizi. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume wake kabla ya kufanya mapatano ya kazi. Mume hakuwekewa sharti kama hilo. Tarehe 15 Julai 2016 sheria hiyo iligeuzwa. Kwa mageuzi hayo yawapasa mume na mke kupatana wao wawili. Na juu ya malipo, Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inasema: wenye kazi sawa, ujuzi sawa na matokeo sawa wapate mshahara sawa, wawe wanaume au wanawake.

Sheria hizi ni njema. Lakini sheria haiteki maji. Katika nyumba nyingi, watoto wakitoka shuleni, msichana hutumwa mtoni, naye ndugu yake hukaa na kitabu. Siku ya mtihani mvulana anashinda. Watu wanasema: «Wasichana hawana akili.» Sivyo! Akili anayo, saa za kusoma ndizo hakupewa.

Sophie Kanza alipata nafasi ya kusoma. Mwaka 1964 alimaliza masomo katika chuo kikuu cha Lovanium, akawa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada. Mwaka 1966 akawa waziri, wa kwanza kati ya wanawake wa nchi yake.

Mvulana mwenye nguvu aweza kubeba ndoo. Aweza kufagia na kumlea mdogo wake. Kazi hizo hazimpunguzii heshima. Leo yeye ateke maji, dada yake asome, kesho wabadilishane. Wahenga walisema: Mkono mmoja haulei mwana.

Maswali

1. Taja kazi tano za mama tangu asubuhi hata usiku.
2. Kwa nini watu husema kwamba mama anakaa nyumbani tu?
3. Ni sharti gani lililogeuzwa mwaka 2016?
4. Andika kazi za nyumbani kwenu. Nani anazifanya? Zigawanyeni vema.