Kabla ya Tohara, Uliza Habari za Wajomba

Likizo ya Desemba ni msimu wa tohara hapa Nyamarambe. Kwa mvulana mwenye himofilia, kidonda hicho kidogo kinaweza kuvuja damu kwa siku kadhaa, hata kumuua. Si uchawi wala laana.

Damu huganda kwa msaada wa protini maalum. Mwenye himofilia A ana upungufu wa protini ya nane. Wa himofilia B, ya tisa. Jeni za protini hizi ziko kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama. Ikiwa na kasoro, hana akiba. Mama anazo mbili, ndiyo maana huweza kubeba kasoro hiyo bila kuugua, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia ya ugonjwa huu katika ukoo, kwa hivyo mama asilaumiwe.

Mzazi, uliza upande wa mama: kuna mjomba aliyetokwa damu kupita kiasi alipotahiriwa au alipong'olewa jino? Magoti yake huvimba ovyo? Kama yupo, mtoto apimwe damu hospitalini kabla ya kisu, na asipewe aspirini. Matibabu ni kudungwa protini inayokosekana. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, huwahudumia wagonjwa hawa.