Ukimaliza Kufua, Funga na Koki

Wengi wetu tukimaliza kufua tunazima mashine, tunachomoa waya, tunaanika nguo, basi. Koki ya nyuma inabaki wazi mpaka Jumamosi nyingine. Mimi nilifanya hivyo miaka mingi, hadi alfajiri moja jirani wa ghorofa ya chini aliponigongea mlango. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye dari yake.

Huenda unajiuliza: mashine imezimwa, maji yanatoka wapi? Vali, yaani kile kifaa kinachozuia na kuruhusu maji, iko ndani ya mashine. Mpira unaotoka ukutani uko kabla ya vali hiyo. Maadamu koki iko wazi, mpira umejaa maji yenye presha usiku na mchana, ufue usifue. Kwa sisi wa Dar es Salaam kuna mgao pia: maji yanakatika, kisha yanarudi usiku wa manane, saa ambayo watumiaji ni wachache na presha iko juu. Mpira uliochoka hupasuka saa hizo.

Piga hesabu. Mpira ukimwaga lita 10 kwa dakika, ni lita 600 kwa saa. Tanki la lita 1,000 linaisha kabla ya saa mbili kupita. Maji ya bomba yakimwagika hivyo kwa saa nane, ni lita 4,800, karibu uniti tano kwenye mita. Hapo sijataja godoro, makabati na dari ya watu.

Kufunga hakugharimu kitu. Fuata mpira kutoka nyuma ya mashine mpaka ukutani, utaiona koki. Yenye mkono mfupi huzungushwa robo tu: mkono ukilala sambamba na bomba, iko wazi, ukikingama, imefungwa. Ile ya gurudumu izungushe kuelekea kulia mpaka igome, bila kuikaza kwa plaia. Mashine yenye mipira miwili, ya maji baridi na ya moto, ina koki mbili, funga zote.

Utajuaje kwamba imefunga kweli? Anzisha mashine koki ikiwa imefungwa. Maji yakiendelea kuingia, koki imekufa, mwite fundi bomba. Na siku ukisahau kuifungua kabla ya kufua, usiwe na hofu: mashine itakosa maji, nyingi husimama na kuonyesha alama ya hitilafu. Fungua, anza upya.

Mpira nao ukague. Wangu ulikuwa na uvimbe karibu na nati, mdogo kama punje ya njugu mawe, na niliupita kila wiki bila kuuona kwa sababu mashine ilikuwa imebanana na ukuta. Isogeze mbele kidogo, mpira usikunjike. Pitisha mkono mkavu kutafuta nyufa na kutu, kisha zungushia karatasi ya chooni kwenye maungio, ikilowa, panavuja. Hata usipoona kasoro, badilisha mpira kila baada ya miaka mitano. Ule uliosukiwa nyuzi za chuma unagharimu zaidi dukani, ila mimi siwezi tena kununua wa plastiki tupu. Koki mpya na mpira, pamoja na ufundi, havikufika shilingi 100,000. Bei hutofautiana, kwa hiyo ulizia maduka mawili ya vifaa vya ujenzi kabla ya kununua.

Ikiwa koki iko mahali pasipofikika, mwambie fundi aihamishie pembeni, mkono uifikie bila kusogeza mashine. Kisha mwonyeshe kila anayefua hapo nyumbani, dada wa kazi na watoto wakubwa, na mwonyeshe pia koki kubwa ya kwenye mita na ile ya tanki. Ukikuta sakafu imeshafurika, usikanyage maji wakati mashine bado iko kwenye umeme. Zima swichi kuu kwanza ukiwa pakavu, ndipo ukafunge maji.