Tumevunja paa la asbesto kwa nyundo

Swali: Mimi ni fundi wa kuezeka. Tumebomoa paa kuukuu la asbesto bila barakoa. Nitapata saratani?

Jibu: Si lazima, fundi. Hatari hukua kadiri unavyolivuta vumbi hilo mara kwa mara. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hukwama mapafuni, na saratani ya mapafu au ya utando wake huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Kama unavuta sigara, acha leo hii: moshi na asbesto vikikutana, hatari ya saratani ya mapafu huongezeka maradufu na zaidi. Safari ijayo lilowesheni paa, fungueni misumari, mshushe vipande vikiwa vizima. Msikate, msifagie pakavu. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Na nguo za kazi usizipeleke nyumbani, tafadhali. Anayezikung'uta kabla ya kufua hulivuta vumbi hilohilo.