Somo la Ufundi: Injini Iliyokaukiwa na Oili



Somo la leo limetokana na jambo lililotupata wenyewe, watu watatu wa tawi moja. Tunalieleza pamoja na makosa yetu, maana kosa la mwenzako ni shule isiyo na karo.

Mwenzetu mmoja ni dereva wa basi wa miaka mingi. Ana Toyota Corolla ya zamani yenye injini ya 4K, silinda 4, ambayo siku za mapumziko hubebea watu na mizigo. Karo ya watoto wake hutoka humo. Jumamosi moja alikuwa akipeleka jamaa mazikoni Masaka. Walipopita Kayabwe, pale barabara inapokata mstari wa Ikweta, taa nyekundu ya oili ikawaka. Wazee waliokuwamo wakasema, "Tujikaze tufike Lukaya, huko mafundi wapo." Akajikaza. Kabla ya Lukaya injini ilianza kugonga kama nyundo juu ya chuma, kisha ikazimika. Jamaa wakapanda gari jingine, naye akabaki kando ya barabara. Mazishi hakuyawahi.

KWA NINI INJINI HUFA UPESI HIVYO

Ndani ya injini, krenki huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Pistoni huivuta na kuisukuma kwa kupitia konrodi. Mahali konrodi inaposhika shingo ya krenki pana beringi, yaani vipande viwili vyembamba vyenye umbo la nusu duara, vilivyopakwa madini laini. Injini ikiwa nzima, beringi na krenki hazigusani hasa. Kati yake pana utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu. Utando huo ukikatika, chuma hugusa chuma, joto hupanda, madini laini huyeyuka na kushikamana na krenki. Hapo ndipo mlio wa kugonga hutokea, nasi husema gari limenoki.

Tena wengi hudhani kwamba taa nyekundu hupima wingi wa oili. Sivyo. Taa hiyo huonyesha kwamba msukumo wa oili umeanguka. Ikiwaka wakati gari linakwenda, hatari haiko njiani, imekwisha kufika. Dawa yake ni moja: toka barabarani kwa usalama, zima injini mara moja, usiiwashe tena mpaka sababu ijulikane. Gari la kuvutwa kwa kamba hulipiwa mara moja, lakini mwendo wa kujikaza mwenzetu aliulipia mara mbili, kama tutakavyoona.

KABLA YA KUING'OA

Gari lilipofika nyumbani tulitaka kuing'oa injini siku ile ile. Ilitupasa kwanza kuuliza: oili ilikwenda wapi? Hatukuuliza, na hilo ndilo lililokuwa kosa letu la kwanza.

Fundi mwangalifu huanza hivi. Hupima oili kwa kijiti chake, gari likiwa mahali tambarare. Hukagua chini ya gari kuona njia ya oili. Humwaga oili iliyobaki katika karai safi na kuitazama juani: ikimeta kama mchanga wa dhahabu, hiyo ni beringi iliyosagika. Kisha hutoa plagi na kuizungusha injini polepole kwa spana mbele kwenye puli ya krenki. Ikizunguka, vema. Ikikataa, haishurutishwi.

KUINYANYUA INJINI

Injini ya silinda 4, hata ikiwa ndogo, uzito wake huwa karibu na kilo 100 au zaidi. Sisi tulifunga mnyororo kwenye tawi la mwembe. Injini ilipokuwa hewani tawi lililia, likapasuka, na injini ikaangukia ukingo wa gari. Mmoja wetu alikuwa ametoa mkono wake hapo dakika ile ile. Hatukucheka siku hiyo.

Mara ya pili tuliazima kutoka kwa mafundi wa Katwe winchi ya mnyororo ya tani 1 na miguu mitatu ya mabomba mazito. Utaratibu wake ni huu:

1. Fungua waya wa betri wa upande wa hasi kwanza.
2. Mwaga maji na oili, kila kimoja katika chombo chake. Oili chafu isimwagwe mtaroni, wala isikae mikononi. Ikigusana na ngozi kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani.
3. Ondoa boneti, rejeta, na mipira ya maji. Ziba bomba la petroli. Mwenye sigara akae mbali.
4. Kila waya ufungwe kitambulisho kabla ya kuchomolewa. Bolti za kila sehemu ziwekwe katika kopo lake.
5. Fungua ekzosi, stata, na bolti zinazounganisha injini na giaboksi. Giaboksi itegemezwe kwa jeki, isining'inie.
6. Fungua viti vya injini mwisho kabisa, mnyororo ukiwa umekwisha kukaza.
7. Mmoja avute winchi, mmoja aongoze injini, mmoja atazame tu na awe na haki ya kusema "Simama!" Asipite mtu chini ya mzigo. Na gari lisikae juu ya jeki peke yake mtu anapoingia chini. Liwekewe stendi imara.

KUFUNGUA NA KUPIMA

Vifuniko vya konrodi havibadilishani. Kila kimoja kilichongwa pamoja na konrodi yake, hivyo kitiwe alama 1 mpaka 4, na upande wake pia. Vifuniko vya beringi kuu, ambavyo ni 5 katika injini hii, navyo ni hivyo hivyo.

Tulikuta beringi ya silinda ya tatu imekwisha kabisa, na shingo yake ina mikwaruzo. Tukaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, tukaweka beringi mpya, tukafunga. Gari likawaka, tukapeana mikono. Baada ya wiki tatu likanoki tena, silinda ile ile.

Tulikosa wapi? Mahali pawili. Kwanza, msasa hauwezi kurudisha uduara wa shingo ya krenki. Ukipitisha ukucha na ukakwama kwenye mkwaruzo, au maikromita ikionyesha vipimo tofauti kwa wima na kwa ulalo, krenki iende kwenye mashine. Ikichongwa kwa 0.25 ya milimita, hununuliwa beringi za saizi hiyo ya 0.25, si za kawaida. Kazi hii haifanyiki nyumbani, wala si aibu kuipeleka kwa mwenye mashine.

Pili, hatukusafisha njia za oili. Vumbi la beringi ya kwanza lilibaki katika matundu ya krenki na katika chujio la pampu ndani ya sampo. Oili mpya ikalibeba na kulipeleka moja kwa moja kwenye beringi mpya. Basi baada ya krenki kutoka kwenye mashine, kila tundu lisafishwe kwa mafuta ya taa na brashi nyembamba, kisha lipulizwe kwa upepo wa kompresa. Mwenye kupuliza afunike macho. Pampu ifunguliwe na kupimwa, chujio lioshwe, filta iwe mpya.

Nafasi kati ya beringi na krenki ni sehemu chache za mia za milimita. Hupimwa kwa uzi maalumu wa plastiki unaobanwa katikati, kisha upana wake hulinganishwa na karatasi ya vipimo. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi wa vipimo na wa nguvu ya kukaza bolti. Zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa hatua, na bolti za kichwa cha silinda zianzie katikati kwenda nje. Kila beringi ipakwe oili safi kabla ya kufungwa.

KUIWASHA

Injini ikisharudi mahali pake, ijazwe oili, kama lita 3 na nusu kwa injini hii, na maji. Plagi zisirudishwe kwanza. Zungusha kwa stata, vipindi vifupi vifupi, mpaka taa ya oili izimike. Hapo oili imefika juu. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Kagua uvujaji ikiwa inanguruma, na tena ikipoa. Baada ya kilomita 500 badilisha oili na filta, uitazame ile inayotoka.

OILI ILIKWENDA WAPI?

Jibu tulilipata mara ya pili tu. Wiki moja kabla ya safari ya Masaka, mwenzetu alibadilisha oili mwenyewe. Bolti ya kumwagia oili aliirudisha na washa ile ile ya zamani iliyokwisha kubonyea. Ikawa inadondosha tone moja moja, na bolti ikalegea. Naye hakupima oili asubuhi ya safari, kwa sababu jamaa walikuwa wanangoja. Washa hiyo ni kitu kidogo kuliko sarafu. Kama tungefunga injini ya pili bila kuitafuta, tungekuwa tunajiandaa kwa injini ya tatu.

KAZINI PIA

Somo hili lisiishie nyumbani. Dereva wa kampuni anayesimama taa ikiwaka huambiwa amechelewesha kazi. Anayeendelea huambiwa ameua injini na akatwe mshahara. Kati ya mashtaka hayo mawili, ni afadhali la kwanza, maana lina utetezi. Simama, zima, toa taarifa, kisha andika katika daftari la hitilafu saa, mahali na kilomita zilizosomeka. Gari lililokwisha kuandikwa kuwa linavuja asubuhi likitolewa barabarani bila kutengenezwa, maandishi yako ndiyo shahidi. Matawi yadai daftari hilo liwepo katika kila gari, na dereva asiadhibiwe kwa kusimama.

Mwenzetu angali na Corolla yake, na inakwenda. Kila asubuhi, hata wakimngoja wakwe, huchomoa kwanza kijiti cha oili.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Taa ya oili hupima nini, na kwa nini tusingoje kufika kwenye fundi?
2. Kazi zipi za injini zafaa kufanywa nyumbani, na zipi zataka mashine?
3. Je, tawi letu laweza kuchanga na kununua winchi, stendi na spana ya kipimo ziwe mali ya wote?
4. Katika kazi yetu, daftari la hitilafu lipo? Nani hulisoma?

Umoja ni nguvu.