Mafunzo Niliyopata Nikimuuguza Mjomba kwa Nyimbo

Kiharusi kilichompata mjomba wangu kiliharibu upande wa kushoto wa ubongo. Kilimlegeza mkono na mguu wa kulia, kikamnyima usemi, ingawa aliendelea kuelewa karibu kila alichoambiwa. Kupoteza lugha namna hiyo, kwa sababu ya jeraha la ubongo, wataalamu hukuita afasia. Mjomba ni mzee wa Tanga, aliyekua wakati vikundi vya Black Star na Lucky Star vikitamba kwa taarab, na mimi mpwa wake ndiye niliyekabidhiwa mazoezi ya nyumbani. Mwanasaikolojia wa hospitali alitushauri tuutumie muziki, akanielekeza na tafiti za kusoma. Ninayaandika niliyojifunza kwa ajili ya kila nyumba inayomuuguza mtu wa hali hiyo.

1. Asiyeweza kusema anaweza kuimba

Mjomba alishindwa kutaja hata jina la mkewe. Redio ikipiga wimbo wa mwimbaji Shakila, aliufuata ubeti kwa ubeti, maneno yakiwa kamili. Jirani mmoja akanong'ona kwamba mzee anadeka.

Hakuwa akideka. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za mtu aliyepooza upande wa kulia, ambaye hakuweza kusema chochote isipokuwa "ndiyo", lakini akaziimba vizuri nyimbo za dini alizojifunza kabla ya kuugua. Kuanzia mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alionyesha jinsi usemi unavyotegemea sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Leo tunajua kwamba kwa watu wengi lugha huelemea upande huo, ilhali kuimba huziamsha sehemu nyingi za pande zote mbili. Mtunzi wa Kirusi Vissarion Shebalin aliharibikiwa vibaya na usemi baada ya kiharusi cha pili mwaka 1959, lakini akakamilisha simfonia yake ya tano mwaka 1962.

Tangu niliposoma hayo, swali la kwanza ninalomuuliza anayeuguza ni hili: mgonjwa wako amebakiwa na nini?

2. Wimbo peke yake haurudishi usemi

Nyumba nzima ilifurahi kumsikia mzee akiimba, ila akitaka maji bado alinyoosha kidole. Wimbo uliokaririwa hutoka kama shanga zilizotungwa kwenye uzi mmoja: ukivuta moja zinakuja zote, lakini ile unayoitaka huwezi kuichomoa. Kutoka kwenye wimbo hadi kwenye neno la kuombea maji kuna safari, na safari hiyo ina mazoezi yake.

Mazoezi hayo yalielezwa mwaka 1973 na Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm wa Boston. Sentensi fupi za mahitaji ya kila siku huimbwa kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto wa mgonjwa ukigonga meza kwa kila silabi. Anayemfundisha huimba kwanza, kisha wanaimba pamoja, kisha mwalimu hunyamaza katikati na kumwacha mgonjwa amalizie. Mwishoni uimbaji hupunguzwa kidogo kidogo hadi ibaki sauti ya mazungumzo ya kawaida.

Sisi tulianza na "naomba maji". Kwa kuwa Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo niliyoipandisha: na-O-mba MA-ji. Mtaalamu wa matamshi alinisisitizia nichague maneno ambayo mjomba atayahitaji siku hiyohiyo, na kila alilolitamka lizae kitu. Akisema maji, aletewe maji papo hapo. Baadaye tuliongeza "nimechoka", "fungua dirisha", na jina la mkewe.

Gabrielle Giffords, aliyepigwa risasi kichwani Januari 2011 akiwa mbunge wa Marekani, alitumia muziki pamoja na tiba ya matamshi huko Houston. Usemi wake umerudi kwa sehemu, na bado anaishi na afasia. Mfano wake ulinipa subira: kila neno linalorudi limefanyiwa kazi.

3. Mdundo una kazi yake

Watafiti wa Leipzig wakiongozwa na Benjamin Stahl walichunguza watu 17 wenye afasia na kutoa matokeo mwaka 2011. Waliona kwamba mdundo ulichangia zaidi kuliko tuni yenyewe, na kwamba maneno yaliyozoeleka yalitoka kwa urahisi zaidi. Hili lilinitia moyo sana, kwa sababu aliyejaliwa sauti nzuri nyumbani kwetu ni mmoja tu, lakini kupiga makofi kila mtu anaweza.

Mguu nao hufuata mdundo. Michael Thaut na wenzake wa Colorado walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba wagonjwa wa kiharusi na wenye ugonjwa wa Parkinson hutembea vizuri zaidi wakisikia mpigo usiobadilika. Sehemu za ubongo zinazosikia zimeungana na zile zinazoongoza mwendo, na mpigo ukiwa sawa ubongo hujua mapema hatua inayofuata iangukie wapi. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 29 yenye washiriki 775, na eneo lililoonyesha manufaa ya wazi zaidi lilikuwa hilo la kutembea.

Kwetu kazi hiyo aliifanya mkazamjomba, kwa sinia na mwiko. Kwanza alitazama mwendo wa mumewe ulivyo, akapiga kwa mwendo huohuo, na mzee alipouzoea akaongeza kasi kidogo tu. Mimi nilisimama upande wa kulia, ulio dhaifu, tayari kumdaka.

4. Mgonjwa ndiye anayechagua

Wajukuu walileta Bongo Fleva, jirani akaleta kasida, kila mmoja kwa nia njema. Mjomba alikataa kwa kutikisa kichwa mpaka tulipomwekea taarab yake.

Alikuwa na haki, na utafiti uko upande wake. Teppo Särkämö na wenzake wa Helsinki waliwafuatilia wagonjwa 60 wa kiharusi. Kundi moja lilisikiliza muziki lilioupenda lenyewe, angalau saa moja kwa siku kwa miezi miwili. La pili lilisikiliza vitabu vilivyorekodiwa. La tatu lilipata huduma ya kawaida tu. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba kundi la muziki liliimarika zaidi katika kumbukumbu ya maneno na katika umakini, na huzuni yake ilikuwa ndogo kuliko ya kundi la huduma ya kawaida.

Kusikiliza huko si sawa na kuacha redio ikibwata kutwa nzima. Ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi. Tulizima televisheni, tukatenga muda, tukakaa naye.

5. Huzuni ni sehemu ya ugonjwa

Karibu theluthi moja ya walionusurika kiharusi hupata sonona. Asiyeweza kusema ni rahisi huzuni yake isionekane, na hapo ndipo nilipouelewa umuhimu wa mwanasaikolojia. Alimpa mjomba picha za nyuso, kuanzia ya furaha hadi ya majonzi, aonyeshe kwa kidole yuko wapi. Tangu siku hiyo nasi tukawa tunamuuliza kwa picha.

Nyimbo zilizobeba ujana wake nyakati nyingine zilimliza. Tulijifunza kumtazama usoni: akitaka kuendelea tuliendelea, akigeuka tulizima. Huzuni ilipokawia, tulirudi kwa daktari. Muziki huambatana na tiba ya sonona, hauchukui nafasi yake.

6. Ahadi kubwa zina historia yake

Watu walituletea flashi zenye "sauti za kutibu ubongo". Nilichojibu nimekipata katika kisa cha Mozart. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake walichapisha jaribio la wanafunzi 36 wa chuo waliofanya vizuri zaidi kwenye maswali ya maumbo baada ya kumsikiliza Mozart, athari iliyodumu takriban robo saa tu. Habari ikavuma hadi gavana wa jimbo la Georgia huko Marekani, Zell Miller, mwaka 1998 akaomba dola 105,000 ili kila mtoto mchanga apewe muziki wa aina hiyo. Waliorudia jaribio walikuta athari ndogo, ambayo kwa sehemu kubwa huelezwa na uchangamfu wa msikilizaji.

Kwa hiyo mimi huuliza: waliosikiliza walilinganishwa na nani? Walipimwa nini? Kwa muda gani? Na jibu likiwa lolote, dawa za shinikizo la damu humezwa kila siku, wimbo uwepo usiwepo.

7. Kuimba na wenzake kulimrudisha kwa watu

Afasia humtenga mtu. Wageni huzungumza na mke, mgonjwa akikaa pembeni kama hayupo. Mwaka 2023 timu ya Helsinki ilichapisha jaribio la kwaya za watu wenye afasia: mawasiliano yao ya kila siku yaliimarika, na mzigo wa wanaowauguza ukapungua. Sisi tuliwaalika wazee wenzake jioni za Ijumaa waimbe naye. Hapo hakuna aliyemsemea, na baada ya nyimbo walimsubiri amalize sentensi zake fupi.

Mjomba bado hajarudi kusema kama zamani, lakini sasa huomba, hukataa, na huita watu kwa majina. Wataalamu wa matamshi ni wachache mno nchini mwetu, na familia nyingi hurudi nyumbani zikiwa na karatasi ya dawa peke yake. Ninachoomba hospitali zetu ni kwamba, kabla mgonjwa wa kiharusi hajaruhusiwa, mtu akae na familia yake, aulize nyimbo alizozipenda, awafundishe kugonga silabi za sentensi tatu za lazima, na awapangie siku ya kurudi kupimwa. Hayo yanawezekana hata katika wodi isiyo na chombo chochote cha muziki.